Udongo Mtamu wa Kando ya Shimo

Udongo una tabia zake. Unaweza kunukia mvua, unaweza kuwa mkavu wa kukwama kooni, unaweza hata kuwa na chumvi kidogo ukitolewa mahali mbuzi hulala. Lakini mtamu? Kasiva alipolamba vidole siku ile akasema, "Mwaitu, huu ni kama sukari nguru," mama mkwe wake Kavindu alicheka tu. Mimba ya miezi mitano husema mengi. Yeye mwenyewe akiwa na mimba ya Muindi alikuwa akinusa kibatari cha mafuta ya taa kama mtu anayenusa maua, na mume wake alikuwa akikificha.

Upande huo wa Kanyangi mwanamke mjamzito hula udongo wa kichuguu na hakuna wa kushangaa. Kinachoangaliwa ni udongo wa nani. Mama mkwe ndiye huubomoa, kwa mkono wake, katika ardhi ya boma lao wenyewe, kwa sababu mtoto akilishwa udongo wa watu akiwa tumboni huyo ni mtoto wa watu. Atazaliwa, atanyonya, lakini miguu yake itakuwa inaangalia kwao. Ndivyo Kavindu alivyofunzwa, na alikuwa mtu wa kushika alichofunzwa, hasa kikimsaidia kumkataa jirani.

Kwa maana Kalunde, jirani wa ng'ambo ya ua, alikuwa na kichuguu kikubwa chekundu chenye mchwa wake wazima. Siku moja katika mwethya, ile kazi ya kusaidiana kwa zamu, wakiwa kina mama kumi na wawili wanachimbiana matuta, alisema mbele ya wote kwamba Kavindu aende achukue kiasi anachotaka. Kavindu akashukuru kwa mdomo. Moyoni akasema, mjukuu wangu ale udongo wa Kalunde, halafu azaliwe na ule mdomo usiofungwa wa kwa Kalunde? Tutakula chetu.

Chao kilikuwa kimebaki kimoja, mwisho kabisa wa shamba, kando ya shimo.

Shimo hilo liliachwa na watu waliokuwa wakichimba changarawe ya barabara. Lilikaa wazi miaka saba na likameza ndama wawili. Ndipo akaja kijana mmoja wa mjini, amevaa tai kwenye jua lile lote, akasema kampuni yao itawajazia shimo bure, shamba liwe sawa. Kavindu alimpikia chai, akamwongezea na viazi vitamu. Lori zikaanza kuja. Zilimwaga majivu meusi yanayong'aa, maganda ya betri zilizopasuliwa, na tope la kijivu ambalo lilikuwa linatoa mvuke hata asubuhi ya baridi. Cha ajabu, shimo halikujaa. Lori ishirini, lori arobaini, na mvua ikinyesha usiku, asubuhi limeshuka tena, kama koo la mtu aliyemeza.

Kavindu alipobomoa kipande cha kwanza hapo kando yake hakukuta mchwa hata mmoja. Kichuguu kizima, kirefu kumpita, na ndani hakuna anayeishi. Udongo wake ulikuwa laini, wa kijivu, kama jivu la jikoni lililomwagiwa maji. Afadhali, akafikiri, sina haja ya kuchambua. Akafunga kwenye leso akarudi nyumbani akiimba.

Tena alikuwa na sababu ya kuimba. Muindi, mume wa Kasiva, ndiye mtoto wake wa pekee aliyebaki. Kwa Wakamba msichana wa kwanza huitwa jina la mama ya baba yake, na hapo ndipo mwanamke hujua kwamba hatakwisha. Kalunde alikuwa na Kalunde wadogo watatu, mmoja kila boma la mwanawe, akiita jina lake mwenyewe jioni wanakuja mbio kama vifaranga. Kavindu hakuwa na hata mmoja. Mimba mbili za Kasiva zilikuwa zimeharibika. Hii ya tatu ilikuwa imeshika, na Kavindu aliilinda kama mtu anayebeba maziwa kwenye sahani.

Kasiva akaula ule udongo. Akamaliza leso moja, akaomba nyingine. Akaacha ugali, akaacha ndengu, akaanza kukunjamana akishika tumbo na kusema ni gesi. Nyumba ikapata harufu, ile ya sarafu iliyokaa kwenye kiganja chenye jasho, na hata ukifagia na kufungua madirisha haiondoki. Mbuzi wawili waliokuwa wakichungwa karibu na shimo wakaanza kusaga meno. Hawakuwa wanacheua, walisaga meno matupu, kr, kr, kr, wamesimama na vipaji vya nyuso vimesukuma ukuta, macho wazi hayaoni. Mmoja akafa akiwa amesimama vile vile. Kuku walikuwa wamemtangulia.

Jioni moja Muindi akasema jambo la kuchekesha kuhusu mwinjilisti wao na pikipiki yake. Kasiva akacheka mdomo wote, na Kavindu, aliyekuwa ameketi mbele yake akichagua maharagwe, akaona. Kwenye ufizi, pale jino linapotokea, kulikuwa na mstari mwembamba wa samawati iliyoiva kuwa nyeusi. Ulipita jino kwa jino bila kuruka hata moja, kama umechorwa na mtu mwenye mkono mtulivu.

Kavindu aliweka maharagwe chini. Alienda akamwaga udongo wote uliobaki chooni, na hakuleta mwingine.

Wiki mbili zikapita. Kasiva hakupona. Mkono wake wa kulia ukaanza kulegea kwenye kifundo, ukining'inia kama wa mtu anayeaga. Na midomo yake, kila alasiri, ilikuwa ya kijivu. Kavindu akamfuata jikoni, akafunga mlango, akamuuliza kwa sauti ya chini ni nani anayempa udongo.

Kasiva akamwangalia kama mtu anayefanyiwa mzaha. "Si ni wewe, Mwaitu."

"Mimi niliacha kabla ya mwezi kuandama."

"Umeniletea leo saa saba. Umepiga magoti ukanilisha, kwa sababu mkono wangu hauinuki." Akashusha sauti zaidi. "Na ukasema nisikutajie ukiwa jikoni. Ukasema jikoni unasahau."

Saa saba ya siku hiyo Kavindu alikuwa kanisani na akina mama wenzake, wakigombana juu ya nani alirudisha sufuria kubwa ikiwa imetoboka. Watu ishirini walimwona. Wengine bado walikuwa wamemnunia.

Kesho yake akaaga kwamba anaenda sokoni, akazunguka nyuma, akaingia ndani ya ghala tupu na kuchungulia katikati ya fito. Jua lilikuwa limesimama juu ya kichwa. Hakuna kivuli hata cha kuku. Kwanza alisikia mbuzi aliyebaki akiacha kusaga meno, ghafla, kama mtu aliyeambiwa anyamaze. Kisha ile harufu ya sarafu ikaja, ikajaa ghala, ikamwingia mdomoni na kukaa juu ya ulimi. Na kutoka upande wa shimo, juu ya matuta aliyoyachimba kwa jembe lake, akaona mtu anakuja, mwanamke, amejifunga leso yake ya kijani, ile aliyokuwa ameivaa yeye wakati huo huo mle ghalani, na kichwa kimeinama upande kama anavyoinamisha yeye, na mwendo ni wake, wa goti bovu, isipokuwa goti bovu la Kavindu ni la kushoto na huyu alikuwa anachechemea kwa kulia, akipita karibu na mbuzi kipofu, na mbuzi akageuza kichwa kumfuata kana kwamba huyo tu ndiye anayemwona, akifika mlangoni bila kupiga hodi, akipiga magoti taratibu mbele ya Kasiva aliyekuwa ameshaketi na kufungua mdomo kama kinda, akitoa kwenye leso donge la kijivu kwa vidole vyenye rangi ya sufuria iliyoungua, akimlisha kwa upole, upole kweli, akimpangusa kidevu kwa ncha ya leso, mpaka Kavindu akajikuta ana wivu kabla hajakumbuka kuogopa.

Alitaka kupiga kelele. Mate matamu yakamziba mdomo.

Yule akainuka, akageukia ghala, akatembea hadi kwenye fito. Akatabasamu. Hakuwa na mstari kwenye ufizi. Ufizi wote ulikuwa wa rangi ile.

"Mama Muindi," akasema, kwa sauti ya Kavindu aliyeamka vizuri, "mtoto ni wa mwenye udongo. Si ndivyo mnavyosema hapa?"

Kavindu alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta wa ghala.

"Basi niambie. Udongo ni wa nani?"

Akarudi alikotoka, akichechemea mguu usiokuwa wake.

Mwinjilisti Kaloki akaitwa. Aliomba saa mbili, akapaza sauti, akaamuru kila kitu kitoke kwa jina la Yesu. Alipokuwa anapumzika Kasiva akamwambia kwa adabu kwamba Mwaitu anamsalimia. Kavindu alikuwa ameketi karibu naye. Kasiva alikuwa anaangalia dirishani. Mwinjilisti hakungoja chai, na mtu huyo hajawahi kuruka chai tangu aokoke.

Wakampeleka hospitali. Muuguzi aliyempokea, Yvonne, alikuwa msichana mdogo lakini mwenye macho. Alimfungua Kasiva midomo, akatazama ufizi, kisha akamuuliza Kavindu wanaishi karibu na nini. Akatoa damu, ikatumwa Nairobi. Majibu yaliporudi aliwaketisha pembeni akawaeleza polepole kwamba damu ya Kasiva imejaa risasi, yale madini ya ndani ya betri. Akasema inatoka shimoni inaingia kwenye udongo, inaingia kwenye mboga na maziwa, inakaa ndani ya mifupa ya mama na kumfikia mtoto. Wasile chochote cha shamba hilo. Wasikanyage hapo kama wanaweza.

"Susu," akamwambia Kavindu, akimwita nyanya kwa Kikamba, "nani alikuwa anampa huo udongo?"

Kavindu akaangalia mikono yake. "Ni mimi," akasema.

Muindi alikwenda kwa chifu na ile karatasi ya hospitali. Chifu aliisoma, akaikunja vizuri, akamrudishia, akasema ataandika barua. Jioni hiyo lori tatu zilikuja badala ya mbili.

Sasa, Kavindu alikuwa mama wa kanisa, na mama wa kanisa haendi kwa mganga. Basi siku ya soko alienda Kwa Vonza kununua sweta. Ilitokea tu kwamba aliyekuwa akiuza sweta za mitumba, Kanyiva, mwanamke mnene mwenye jino moja la dhahabu, ndiye pia aliyekuwa akipigia watu kibuyu nyuma ya lile pazia la makoti. Kavindu akaingia nyuma ya pazia kujaribu sweta. Alikuta hapo kina mama wawili wa kanisa lake nao wakijaribu sweta. Wakasalimiana bila kuangaliana.

Zamu yake ilipofika, Kanyiva akatikisa kibuyu, akamwaga mbegu juu ya ngozi ya mbuzi, akazihesabu mafungu mafungu. Akazirudisha, akamwaga tena. Mara ya tatu akaziacha pale pale zilipoanguka.

"Pepo za kwetu nazijua kwa ukoo," akasema. "Huyu nauliza baba yake, mbegu zinakataa. Nauliza mto wake, zinakataa. Hili ni jini la kubebwa. Limekuja na lori."

"Mfukuze."

"Nimfukuze aende wapi? Pepo hufukuzwa arudi kwao. Huyu kwao ndiko wamemtupa."

Kavindu akaanza kulia, bila sauti, kwa sababu ya wale waliokuwa nje ya pazia. Kanyiva akamwacha alie, akaendelea kukunja sweta. Kisha akamwambia mambo mawili. Kwanza, msichana aondoke kwenye ardhi hiyo kabla hajajifungua, hata kama ndengu hazijavunwa, kwa kuwa akizalia pale hakuna wa kubishana na mwenye udongo. Pili, mtoto akiwa wa kike, asiitwe Kavindu.

La kwanza alilikubali hapo hapo. La pili lilimfanya ainue uso.

"Dada, hilo ndilo jina pekee nililo nalo."

"Hata yeye. Amevaa sura yako, amechukua sauti yako, sasa anaitika jina lako. Ukimpa mtoto jina la nyanya yake, mtoto atakuwa na nyanya wawili, na siku mmoja akiita, ataenda kwa anayejua kulisha."

Pikapu ilipakiwa wiki ya kwanza ya Desemba. Muindi alinung'unika kidogo juu ya ndengu zake, zimesimama vizuri kijani, mpaka mama yake akamuuliza anataka kumuuzia nani. Walipokuwa wanapita shimoni, saa saba, kwa sababu dereva alichelewa, Kasiva alishika ubao wa gari akasema anaitwa. Kavindu akamziba masikio kwa viganja viwili. Akamkandamiza kichwa kifuani kwake, akaimba wimbo wa kanisa karibu na nywele zake, akiona kwa pembe ya jicho leso ya kijani imesimama juu ya tope, mkono mmoja umenyooshwa, kiganja juu, kama wa mtu anayedai chake. Hakugeuza shingo. Kilomita sita mbele chupa ya uzazi ilipasuka, na mtoto akazaliwa barabarani nyuma ya pikapu, juu ya godoro, kina mama wawili waliokuwa wakirudi kutoka mtoni wakishikilia leso kama pazia.

Kabla hata ya kuangalia kama ni msichana au mvulana, Kavindu alimfungua mdomo kwa kidole akatazama ufizi. Ulikuwa wa waridi. Alikuwa mdogo, mwepesi kama kuku wa kienyeji, lakini alilia vizuri. Alikuwa msichana.

Siku ya tatu kina mama walikusanyika kumpa jina. Walikuwa wamepanga chumba kimoja Kwa Vonza, kwenye ploti ya vyumba vinane vilivyoshikana ukuta, na jirani wa mlango wa pili alikuwa Nasteho, mke mchanga wa Abdiwahab dereva wa lori la ng'ombe, yeye naye mjamzito, tumbo liko juu, ambaye tangu walipohamia alikuwa akimsalimia Kavindu kila asubuhi kwa heshima kuliko mabinti wa kanisa. Kalunde alikuja kutoka nyumbani na uji kwenye themosi, na mdomo wake. Alipomfunua mtoto akasema kwa sauti ya kusikika hata sokoni, "Basi, Kavindu mdogo huyu amefika, tena na masikio ya mwenyewe." Wengine wakapiga vigelegele. Mtoto akapita mkono kwa mkono mpaka akafika kwa nyanya yake, na wote wakangoja, maana nyanya ndiye husema.

Kavindu akamwangalia. Masikio yalikuwa yake kweli. Alikuwa amengojea siku hii miaka thelathini, ameisikia kwenye maboma ya wengine, amekunywa uji wake, amecheka kicheko chake na kurudi nyumbani mikono mitupu, na sasa jina lilikuwa limekaa juu ya ulimi wake, moto, tayari, linahitaji tu pumzi.

Hapo mlango ukagongwa, kwa adabu.

"Hodi," ikasema sauti ya Kavindu kutoka nje. "Ni mimi, Kavindu. Nifungulieni nimwone mwenzangu. Nimemletea mama yake kitu kidogo."

Kina mama wote walimwangalia Kavindu aliyeketi kitini, mdomo wake umefungwa. Kalunde aliweka themosi chini na mkono wake ukabaki hapo hapo sakafuni. Harufu ya sarafu iliingia chini ya mlango, ikapanda miguuni mwao. Kasiva kitandani akaanza kuinuka, macho yake yako kwenye komeo, mdomo umeanza kufunguka, na Muindi akamshika mabega. Hakuna aliyesema karibu. Nje, kitu kikawa kinakwaruza mbao polepole, kr, kr, kr.

"Mtajeni tu," ikasema ile sauti. "Nasikia mko karibu kumtaja."

"Nzilani," akasema Kavindu. Akarudia kwa nguvu, akiangalia mlango. "Mtoto huyu amezaliwa njiani. Anaitwa Nzilani. Kwetu hakuna Kavindu mwingine, na hatakuwapo."

Kalunde ndiye alikuwa wa kwanza kuitikia, na kwa mara moja maishani hakuongeza neno. Nzilani, wakasema wengine, mmoja mmoja, kwa minong'ono, kama watu wanaofunga madirisha. Kukwaruza kukakoma. Harufu ikapungua, ikarudi chini ya mlango kama maji yanavyonyonywa na mchanga. Kasiva akaanguka juu ya mto akalia kwa sauti yake mwenyewe. Kavindu akamweka mtoto kwenye titi la mama yake, na hapo ndipo yeye naye akaketi chini, na wakamsikia yule wa nje akiondoka, hatua nzito, hatua nyepesi, akichechemea mguu wa kulia kwenye kibaraza cha saruji.

Hakwenda mbali. Hatua zilikuwa tano, labda sita.

Ukuta wa ploti ile ulikuwa mwembamba. Ukikohoa, jirani anakwambia pole. Walisikia mlango wa pili ukigongwa kwa adabu ile ile, na kitanda kikilia mtu mzito akiinuka, na kandambili zikiburuzwa polepole kwenda mlangoni. Kavindu alikuwa tayari anajiinua kwa mikono na magoti, ameshafungua mdomo wa kupiga kelele, na mate yakamjaa, matamu, kelele isipite.

"Karibu, mama," akasema Nasteho.